Kwa Baba Kipimo, Aliyeonja Kabla ya Wageni

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka, nasi bado tukisikia barafu ikigonga glasi tunageuka kutazama kama ni wewe.

Ulisimama nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli ile miaka thelathini na moja, shati jeupe, mikono umeikunja, kipimo cha bati mfukoni. Hukumimina kwa kukisia hata siku moja. Ndiyo maana ukaitwa Kipimo, na Mama naye akawa Mama Kipimo, apende asipende.

Nyumbani hukuleta hata chupa tupu. Ulicholeta ni hadithi. Ulitueleza jinsi mabaharia wa zamani walivyotiliwa maji ya ndimu kwenye pombe yao wasiugue kiseyeye, na jinsi askari wa Kiingereza kule India walivyoona kwinini chungu mno, wakaichanganya na sukari na ile pombe kali iitwayo jini. "Jini huyu hana pembe," ulikuwa ukisema, "lakini usipompima, atakupanda kichwani." Tulicheka kila mara kana kwamba hatujawahi kuisikia.

Hadithi moja hukuifanyia mzaha. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani, watu waliitengeneza mafichoni, wakafunika ubaya wake kwa asali na maji ya matunda. Wengine walipofuka, wengine walikufa. "Vinywaji hivi," ulisema, "nusu yake ni dawa, nusu yake ni matanga."

Kisha hoteli ikaandaa sherehe ya vinywaji vya kale, wageni sabini. Meneja akaleta jini mpya kutoka kwa muuzaji usiyemjua. Siku moja kabla ya sherehe ulishinda ukionja: unaongeza ndimu, unapunguza sukari, unaonja tena.

Asubuhi yake ukauliza, "Mbona humu ndani kuna ukungu?"

"Ukungu gani, baba watoto?" Mama akashangaa. "Dirisha liko wazi, jua limewaka."

Halafu ukamwambia binti yako, "Piga simu hotelini. Zile chupa mpya zisiguswe."

Meneja alicheka. "Mwambie mzee alale, pombe imtoke."

Ukaomba simu. "Umewahi kuniona nimelewa? Basi njoo unitazame macho."

Alikuja. Alikunyooshea mkono, ukabaki hewani, maana hukuuona. Hapo ndipo alipotutolea gari la kukukimbiza hospitali, akapiga simu baa kuzuia chupa.

Daktari alisema ile jini ilitiwa methanoli, spiriti ya viwandani isiyonyweka, na kwamba umechelewa kufika. Siku ya tatu uliupapasa uso wa Mama, paji, pua, kidevu. "Umekonda," ukamwambia. Hukusema tena.

Muuzaji hajapatikana. Meneja alileta shada la maua. Tulilipokea, lakini kumsamehe bado kumetushinda, na wewe hatuwezi kukudanganya.

Wale wageni sabini walirudi makwao wakinung'unika kwamba sherehe imefutwa bila maelezo. Hakuna aliyewaambia. Tunaandika hapa ili wajue ni nani aliyewafikisha nyumbani salama.

Unaliliwa na mkeo, Mama Kipimo. Mwanao fundi umeme na mkewe. Binti yako mwalimu, ambaye hajabadilisha namba ile ya simu aliyopigia hotelini asubuhi ile. Mdogo wako dereva. Wahudumu wenzako wa kaunta. Na wajukuu wanne, ambao mdogo wao hukuwahi kumwona.

Maadamu tunapumua, Baba, hatutakusahau.