Picha ya mwisho ya Stany

Falonne nimeharibu. Nimeharibu!! Weye tu njo naweza kuambia

Mama Rachelle, mama ya Stany mwenye alikufaka mu shimo ya cobalt, amenileteya kamera ya zamani ya Stany. Anasema: "Mutoto, weye unajua hii bitu. Ndani kuko picha yake ya Pasaka. Sina ingine."

Unanijua na kamera. Inje banaandika jina ya magazini yenye inaiuzisha, ndani njo kuko jina ya usine, kiwanda yenye iliitengeneza. Nikasema "Mama ngoja nikuonyeshe jina ya kweli!" Nikafungula mugongo. Mu jua. Na pelikile, ile filimu yenye kubeba picha, ilikuwa ndani!!

Mama alikuwa ametoka tu kuniambia kama picha iko ndani, Falo. Sasa hivi!

Mwangaza inafuta picha yote. Nikafunga mbio, lakini ilisha kuisha

Nikamuambia ukweli. Hakunitukana. Akavuta pelikile yote, akaiangalia ku jua. "Ako wapi?" "Stany ako wapi humu?"

Nikataka kuitupa. Akanikamata mukono: "Acha. Ni Stany aliitia mu kamera na mikono yake."

Akafungula kitambala ya kichwa, akakunja pelikile ndani, akaenda kichwa wazi mu barabara