Kuandika Mbele

Mpendwa mshauri, pole na kazi, naomba msaada wako na naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama mwandiko unapanda na kushuka, maana shule niliishia darasa la saba na hapa naandika mtoto kanilalia mapajani. Mimi ni mjane wa miaka ishirini na nne. Mume wangu alikuwa rubani wa ndege ndogo, ile ya abiria watano, miezi miwili iliyopita injini ilimzimikia hewani akaanguka nayo, yeye na mwalimu mmoja na mama mmoja mtu mzima, hakupona mtu. Kampuni ikatoa ripoti yake, eti ni kosa la rubani, alisahau kufungulia tangi la pili, na tangu hapo sina pa kuweka uso, juzi saluni nimekaa nasukwa, dada mmoja akasema kwa sauti, "Wengine wakipewa ndege wanadhani wamepewa pikipiki," wote wakacheka, na mwanangu wa miaka minne ameniuliza, "Mama, baba ndiye aliyewaua wale watu?" nikamwambia kula.

Sasa mshauri, kaka yangu wa tumbo moja ni fundi wa ndege hiyohiyo, ndiye aliyetukutanisha mimi na marehemu, na tangu mazishi kila siku anakuja kwangu kutengeneza hata visivyoharibika, mara bawaba, mara pasi, Jumapili alikuwa chini ya sinki nikamtania, "Kaka, pumzika, kesho utanikaza skrubu na mimi." Akatoka pale, akakaa sakafuni na spana mkononi, akalia kama mtoto. Akasema mpira wa kupitishia mafuta wa ile ndege ulikuwa umechakaa, aliuona mwenyewe, akamwambia bosi ndege isiruke, bosi akamjibu spea inafika Jumanne na safari ni Jumamosi, "Wewe andika kwenye kitabu cha matengenezo umebadilishwa, Jumanne utaubadilisha kweli, kwani kitabu kina macho?" Kaka akaandika. Anasema pale karakana wamezoea, wanaita kuandika mbele. Na mume wangu, ambaye alizoea kumsumbua kila fundi amwonyeshe kwa kidole kilichofanyika, siku hiyo alipoona mwandiko alifunga kitabu akacheka, "Kama umeandika wewe, shemeji, nikague nini tena?" akapanda. Mpira mpya ulifika Jumanne kweli, wakati sisi tunatoka makaburini, kaka anao kwenye boksi lake na karatasi ya kuupokea yenye tarehe.

Wachunguzi wa serikali bado hawajafunga jalada, na Ijumaa kampuni wanataka nisaini kwamba familia inaikubali ripoti yao. Mama yetu amejua, kanipigia magoti mimi aliyenizaa yeye, anasema, "Mmoja nimeshamzika, usinizikie na huyu akiwa hai." Kaka ndiye aliyenilea, nampenda. Nafikiri labda nisaini yaishe, mwanangu akikua nimwambie ukweli taratibu, naamini atanielewa, na kaka ameapa hatarudia, ingawa bado yuko kazini na ile ndege yao ya pili inaruka kila siku. Nifanye nini?

Mjane wa rubani

*

Mjane wa rubani, mdogo wangu, pole, na pole tena. Mwandiko wako unasomeka kuliko wa hao walioandika ripoti. Lakini kaa vizuri, nitakusema.

Unataka kusaini yaishe. Yaishe kwa nani? Mwalimu ana watu wake, yule mama ana wanawe, na wote wanamlaani mumeo asubuhi na jioni kwa jambo ambalo wewe unajua hakulifanya. Eti mtoto utamwambia akikua. Atakuonyesha ile karatasi ya kampuni akuulize, "Na saini hii ni ya nani, mama?" Utamjibu kula? Huoni kwamba na wewe unataka kuandika mbele? Unaandika leo kwamba umekubali, ukweli utaletwa siku nyingine.

Na lile la ndege ya pili umelirusha mwishoni kama mtu anayekumbuka chumvi. Watu wanapanda ile ndege leo, dada! Wakati unasoma gazeti hili kuna mtu anafunga mkanda.

Kaka yako hakukusudia kuua. Ni mwoga, na bosi alijua kumtumia. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mama yenu msikilize kwa adabu, mwinue alipopiga magoti, kisha mwambie kwamba mwanawe anaweza kusimama akajieleza, mkwewe hawezi.

Ijumaa usisaini. Wakikubembeleza, waambie wakupe nakala uipeleke kwa mwanasheria, kisha nenda ofisi ya msaada wa kisheria, ni bure. Wasije kwako na maua ukalainika. Kaka yako mwite leo. Kesho asubuhi aende kwa wachunguzi, asipitie kwa bosi, na boksi lake na karatasi ya tarehe, aseme kila kitu, aanze na hiyo ndege inayoruka. Anayejipeleka hasikilizwi sawa na anayeburutwa. Asipokwenda, nenda wewe, na umwambie mapema kwamba utakwenda.

Atalia. Lia naye, ni kaka yako. Msindikize mpaka mlangoni ukitaka. Lakini aende.