Mkojo wa Ng'ombe Hauna Kosa, Bibi

Mbozi, Songwe
Jumapili, wenzangu wako kanisani

Kwa Bibi Nyangeta, mke wangu wa kwanza,

Kabla hujakaa vizuri nikuambie: Mbozi nzima hakuna mwanaume anayejua kahawa kama mjukuu wako Mafuru. Nikipita shambani mibuni inajipanga mistari yenyewe. Juzi mabwana shamba wawili wenye vyeti vyao walinifuata niwaambie kama mvua itanyesha. Nikalamba kidole, nikakinyoosha juu, nikasema Jumanne, wakaandika kwenye daftari. Mimi huyu niliyeishia kidato cha pili! Ulikuwaga unasema kichwa changu ni cha kufugia nywele tu. Basi nywele zimezaa.

Shikamoo, Bibi. Magoti yanakufikisha kanisani, au bado unambebesha Pendo biblia na mkoba na wewe mwenyewe? Lile jicho la kushoto linatoa machozi bado ukikaa karibu na moshi? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini uzuri haujapungua, usihofu, hujaolewa na kijiti.

Pendo, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea. Soma polepole, usiruke mahali, hata nikikutukana. Simu nimeacha kupiga kwa sababu hiyo simu yako ina sauti kama kipaza sauti cha mkutano wa hadhara, nikisema neno moja Baba analisikia akiwa zizini.

Bibi, Pendo aliniambia mara ya mwisho kwamba Baba ameshang'oa mistari miwili ya kahawa, ile ya upande wa mawe, na iliyobaki ataing'oa kabla ya mvua apande mihogo. Akaniambia wewe huendi tena shambani. Kwamba unakaa ndani mchana kweupe, mlango umerudishwa, na mtu akitaja kahawa unasema, "Niacheni, mimi ndiye niliyeiharibu." Nikamwambia Pendo mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa mzima. Ni mimi niliyekata simu.

Ile mistari ya upande wa mawe ndiyo Babu aliyoanza nayo. Umetusimulia mpaka tukachoka: wenzake walirudi Butiama na ng'ombe, yeye akarudi na beseni la miche kichwani kutoka Tarime, kwa miguu, na baba yako akauliza huyu anataka kuoa au anataka kulima bustani. Nilikuwaga nakucheka. Nakuambia, "Bibi, uliolewa na beseni." Sasa sicheki.

Huku ninaishi kwenye kibanda cha vibarua, tuko wanne. Baridi ya Mbozi haina adabu, inakuingia mpaka kwenye meno. Vidole vimepasuka, nikikamata jembe asubuhi damu inatoka kwenye mikunjo. Chakula kipo ila hakipandi. Usingizi nimeusahau. Wenzangu wanadhani nimeacha mwanamke nyumbani, nawaambia ndiyo, nimeacha mmoja ana miaka themanini na kitu na ana wivu sana. Wanacheka, na mimi nacheka, halafu naenda kusimama nyuma ya choo peke yangu.

Nimeajiriwa kwenye shamba la familia, kama letu, ila kubwa. Mama mwenye shamba ni mjane, kahawa aliachiwa na wakwe. Bibi, ningekuwa na picha ningekutumia. Miti ya kivuli iko pale pale unapoiweka wewe, migomba katikati, matandazo ya majani makavu mpaka udongo hauonekani. Dawa ya dukani ya kuua magugu hataki kuisikia, magugu tunapalilia kwa jembe. Anachuma tunda jekundu tu, ukimletea la kijani anakurudishia mkononi kama umemletea jiwe.

Siku ya tatu nikakuta pipa nyuma ya zizi. Nikafunua. Pua yangu ikarudi Butiama moja kwa moja. Mkojo wa ng'ombe, Bibi! Na majivu na majani ya mwarobaini, vimevunda vizuri, vile vile unavyotengenezaga wewe. Nikamuuliza yule mama, "Na hii mnanyunyizia kahawa?"

"Tunanyunyizia kwenye majani na kumwagia kwenye shina. Wadudu hawaipendi."

"Kahawa hainuki?"

Akanitazama kama mtoto wa chekechea. "Kijana, kwenu kahawa inachipuka kwenye pipa? Tunda lina ganda, lina utelezi, lina ngozi, ndiyo uikute punje. Mkojo utapita wapi? Tena miezi ile yote mvua imeshaosha." Akaniita kwenye ghala, akafungua gunia, akasema ingiza pua. Nikaingiza. Inanukia kama maua na asali. Ndiyo ilivyokuwa ya kwetu, Bibi. Ndivyo ilivyokuwa siku ile tunashona magunia pale barazani.

Halafu akanifukuza, maana nilikuwa na ndoo ya mafuta ya taa mkononi. "Toa hiyo hapa! Kahawa inavuta harufu ya kila kitu kinachokaa nayo, hujui?"

Nikasema sijui. Nilikuwa najua, Bibi. Nilijua tangu Musoma. Sasa nakuambia.

Baba aliponipandisha kwenye ile pikapu na magunia saba, maneno yake yalikuwa machache: "Fika, pimisha, rudi leo leo." Nikafika Musoma kabla ya saa tano. Ghala la mnunuzi lilikuwa wazi. Lakini nilikuwa nimevaa shati jipya, na pale Iringo kuna binti anauza vocha, nilishamwambia mimi ni tajiri wa kahawa. Nikaona haiwezekani tajiri apite mjini nusu saa kama mgonjwa wa zahanati.

Masatu, yule niliyesoma naye, ana stoo ya dagaa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Akaniambia, "Mura, kijana wa kwetu, leta mzigo wako hapa, kuna kufuli, hata panya hawaingii." Nikamuuliza na dagaa je? Akasema, "Dagaa hawali kahawa." Tukacheka sana. Tukapanga magunia yangu saba katikati ya viroba vyake, juu mpaka darini. Nikasema nalala siku moja kwa Shangazi, kule Kigera. Zikawa nne. Siku ya pili mvua ilinyesha, bati la Masatu linavuja, ndani kukawa na joto na unyevu kama sufuria lenye kifuniko. Mimi nilikuwa Iringo nakunywa soda na kuwaeleza watu bei ya kahawa duniani.

Siku ya tano nikapeleka. Mnunuzi akachoma bambo, kile chuma chao chenye mfereji, kwenye gunia la kwanza, punje zikateremkia kiganjani, akanusa. Akachoma la pili. Akamwita mwenzake, "Njoo unuse, huyu katuletea kahawa au mboga?" Ghala zima likacheka, mpaka wapagazi. Nikawaambia nuseni la mwisho. Wakanusa la mwisho. Yule mzee wa mizani ndiye hakucheka. Akaniuliza, "Hii imetoka kwa nani?" Nikamtaja Babu. Akasema, "Nimepokea ya huyo mzee miaka na miaka, haijawahi kurudi." Akaigeuza ngumi yake iliyojaa punje akairudisha kahawa kwenye gunia, taratibu, kama anamlaza mtoto.

Nikaipeleka Bunda kwa mtu mmoja anayekaanga na kuchanganya na mahindi. Alinipa kile alichonipa. Kazi yako ya mwaka mzima, Bibi. Kuchuma kwako na lile jicho moja, kumenya, kuloweka, kuamka kwako kugeuza kahawa kichanjani kila jua likihama. Ikaenda kuchanganywa na mahindi.

Basi umejua. Ni dagaa. Mkojo wako hauna kosa, mikono yako haina kosa, na Babu hana kosa na beseni lake. Toka nje Bibi. Fungua huo mlango uende shambani, ukamsimamishe Baba kabla hajafika mistari ya chini. Pendo, mpeleke. Ukimaliza kumsomea mpe na Baba barua asome mwenyewe, aniite jina lolote analotaka.

Nisalimie Mama, mwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayonishikilia roho. Nisalimie Shangazi wa Kigera, mwombe radhi, sufuria lake nililiunguza mimi na si yule paka. Msalimie Mjomba Magesa wa Mugeta na ng'ombe wake wote mmoja mmoja, yeye atajua nawataja kwa heshima. Na mchungaji, akiuliza, mwambieni naomba aniombee, ila asinitaje kanisani.

Hapa nilishaandika jina langu, nikakunja karatasi. Nimeikunjua tena. Wenzangu wamerudi kutoka ibadani, wanapika, wananiita, siendi.

Bibi, hilo la dagaa silo lililoharibika. Kahawa ya mwaka mmoja inaoza, mwaka ujao mnachuma nyingine, wewe mwenyewe ulishapitia ukame na hukung'oa hata mche mmoja. Lililoharibika ni hili.

Unadhani Baba aliyafikiria mwenyewe yale ya mkojo. Hakuyafikiria. Nilirudi kutoka Bunda, yeye alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Hakunifokea. Laiti angefoka. Aliuliza tu, "Wamesemaje?" Nikasema wamesema inanuka. Akauliza, "Inanuka nini?" Akaendelea kuchonga mpini, anasubiri. Ningeweza kusema neno moja. Nikasema, "Inanuka mkojo, Baba. Wamesema ni yale mambo ya Bibi ya pipani. Wamesema kahawa ya namna hiyo hawaitaki tena." Nikaongezea mwenyewe kwamba wamecheka. Hilo la kucheka ndilo lilikuwa la kweli.

Ndipo alipokuja kule ulikokuwa unapukuchua maharage, akalipiga pipa teke mbele yako. Mimi nilimfuata, nikasimama upande wako. Nikajifanya nashangaa, mpaka nikashika mdomo. Ukamwambia, "Labda ni kweli, mwanangu. Nimezeeka." Nikasikia. Nilikuwa karibu kuliko yeye.

Baba akaondoka. Ukajaribu kuliinua lile pipa peke yako, nikaja nikashika upande wa pili, tukalisimamisha. Ukanipangusa matope shatini kwa kanga yako, ukaniambia asante, mume wangu, wewe ndiye pekee hujanilaumu.

Mafuru