Nyuzi Mbili, Kashe Moja

Jumanne, Musinzira. Mvua haijakoma tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu nilipoamka.

Wiki tatu nimeitwa mzembe. Mwalimu anayesimamia tasnifu yangu anasema programu yangu, ile inayotambua majani ya maharage yenye ugonjwa, ni nzito mno. Niiandike upya, nitetee mwakani badala ya Ijumaa ijayo. Na kule Mwakiro mama ameshavundika ndizi za urwagwa, pombe ya sherehe ya siku hiyo.

Nimeiandika upya mara mbili. Nimelia mara moja, chooni, nikanawa uso nikarudi.

Kosa lilikuwa limebandikwa mlangoni. Maabara ina kompyuta moja yenye nguvu, na karatasi ya mwalimu inasema: uzi wa kwanza, yaani njia moja ya kupitishia kazi, wa Désiré, mwenzangu anayepiga hesabu za mvua, uzi wa pili wangu. Kagawa kama anayegawa shamba, akatia na mhuri. Ila nyuzi hizo zimo katika kiini kimoja cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kashe yao ni moja. Kashe ni ile kumbukumbu ndogo ya karibu, ambamo prosesa huweka inachohitaji sasa hivi. Vya Désiré vikiingia, vyangu vinatolewa, inabidi vifuatwe mbali. Vyangu vikirudi, vyake vinatoka.

Nyumbani mama na shangazi wana jiko moja: kila mmoja na mafiga yake, rafu moja. Shangazi akitaka nafasi, sufuria za mama zinahamishiwa nyumba kubwa, na mama anazifuata huko mvuani. Nani atamwita mvivu? Nilimweleza mwalimu hivyo hivyo. Akacheka. "Kompyuta si jiko la mama yako, mademoiselle."

Sawa.

Leo Désiré kaenda harusini. Nikaendesha programu yangu ya zamani bila kugusa hata herufi: dakika kumi na moja. Jana, naye akifanya kazi, ilikula ishirini na nne. Kisha nikaweka kwenye uzi wake kiprogramu kidogo kisichojaza kashe, nikaendesha yangu tena: kumi na mbili. Nikamwita mwalimu. Akatazama, akavua miwani, akasema, "Bon, tutaona." Hata pole hakuna.

Kinachoniuma ni kwamba nilimwamini. Nilijidharau wiki tatu nzima, na Désiré wa watu akiomba radhi kila siku kwa kuchelewa kwa kazi yake, kumbe mimi ndiye niliyekuwa namtoa kwenye rafu.

Kesho saa mbili nitakuwa kwa mkuu wa idara na vipimo vyangu vyote vitatu, na ile karatasi nitakuwa nimeshaibandua.

Jioni mama kapiga simu. Ndizi zimeiva, akamue au asubiri?

Nimemwambia akamue.