Njaa ya Michikichi

Kizuka, 14 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta macho yakiendelea kupona, na kwamba dada Clotilda na wanawe huko Kigoma hawajambo. Sisi tu wazima. Mama anakusalimu sana, anauliza kama dawa unazitumia au unazificha chini ya mto. Nimempa jirani yetu Isaka barua hii akuletee, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Ulipoondoka Septemba ulinikabidhi shamba la michikichi. Mwezi uliofuata majani ya chini yalianza kugeuka rangi ya chungwa. Yonasi, tunayepakana naye, alisema ni ule ugonjwa unaoozesha mti kuanzia ndani, na kwamba tukate kabla haujaenea. Kwake pia ulikuwa umeingia.

Nikashika simu, nikaandika: dawa ya mchikichi unaokufa. Vilivyotokea juu kabisa vilikuwa vya wauza dawa. Kando yake palikuwa na herufi ndogo za kusema ni matangazo, wala sikuziona. Chini yake ukaja ukurasa usio na jina la mwandishi wala mwaka, unaoagiza kata, choma, usichelewe. Niliuamini kwa kuwa ulikuwa karibu na juu.

Kosa langu nililijua baadaye. Nilikuwa nimeiambia simu kwamba mti unakufa, nayo ikaniletea vifo. Nikarudi shambani kutazama vizuri, kisha nikaandika nilichokiona tu, kwa Kifaransa changu cha shule: mchikichi, majani ya zamani, rangi ya chungwa, ila sehemu iliyofunikwa na jani jingine bado ni kijani. Safari hii kabla ya kufungua chochote nilitazama nani ameandika, lini, na kama ana kitu cha kuniuzia. Kurasa tatu za watafiti wa nchi tofauti zilikubaliana: udongo umeishiwa madini ya magnesiamu.

Hata hapo sikutosheka. Nilimwita Pontiani, agronome wetu, yule bwana shamba. Akaja na pikipiki, akazisoma zile kurasa, akazunguka shamba lote. Mwishowe akaniambia, "Dada, hii miti haina ugonjwa. Iko na njaa." Akatuonyesha mbolea ya kutia na kipimo chake kwa kila shina.

Baba, ni miezi saba sasa. Makuti mapya yote yametoka kijani, na mikungu imeanza kujaa. Yonasi alikuwa ameshaita watu wa misumeno; aliwarudisha, na michikichi yake sitini imesimama. Jumapili, tukitoka kanisani, kina mama wananizunguka na simu zao, tunatafuta pamoja. Pascasie wako, aliyeambiwa darasani kwamba hajui kuuliza maswali, sasa anafundisha kuuliza.

Lakini kuna jambo sikukwambia, na Mama nilimsihi anyamaze. Kabla sijarudia kutafuta, nilikata michikichi yetu minne. Nilikata kwa mkono wangu, pamoja na ule wa karibu na jiko, ulioupanda juma lile tuliporudi kutoka Tanzania. Ule ukurasa ulisema ndani ningekuta nyuzi za kahawia. Nilipoupasua wa nne, ndani palikuwa peupe, safi, panatoa maji. Nilikaa juu ya gogo lile nikalia, kisha nikainuka kutafuta upya. Ungekuwepo ungenizuia. Nisamehe.

Mashimo manne nimeyachimba. Miche Pontiani ameleta, iko kivulini nyuma ya nyumba, ninaimwagilia asubuhi na jioni. Sikutaka kuipanda kabla hujajua. Daktari akikuruhusu, njoo uipande wewe. Mimi nitakushikia jembe.

Mbusu dada na watoto kwa niaba yetu. Murakoze kwa kunisoma hadi hapa.

Binti yako,
Pascasie