Viganja Ndani ya Kanga

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka hapa Chuno. Sote wazima, na baba yako yuko shamba anapulizia mikorosho.

Umeniandikia kwamba huko maabara mnakuza seli, zinafuma utando, kisha mnaziosha zitoke, ubaki utando mtupu wa kufunikia vidonda. Ukaniuliza mimi niliyewahi kuungua: muutie dawa nyingi ya kuukaza uwe mgumu na udumu, au kidogo ubaki laini?

Viganja vyangu viliunguzwa na mafuta makali ya maganda nilipokuwa nikibangua korosho, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Maumivu tuyaache. Vilipona, ila ngozi ilirudi ngumu kama gome la mti. Kwa jembe ilinifaa mno, hata nikajisifu.

Halafu ukazaliwa wewe. Siku ya arobaini yako, mama yako alikuleta unipakate mbele ya wageni. Nilitazama shavu lako, nikatazama viganja vyangu, haya ikanishika. Nikavifunika kwa upindo wa kanga ndipo nikakupokea.

Mama yako akaninong'oneza, "Mama, unamwonea kinyaa mwanangu?"

Nikainamisha kichwa. Kusema kwamba naogopa kukukwaruza, nilishindwa.

Mimi si msomi, mjukuu wangu. Lakini mnapoupima utando wenu, msiupime kwa jembe tu, upimeni na kwa shavu la mtoto.

Ukija likizo, kaa karibu nami mama yako akiwepo. Nataka nikushike shavu kwa mikono mitupu aone mwenyewe, maana kumwambia bado naona haya.

Bibi yako,
Mwanahawa