Silinda Niliyoisugua

Kwa mdogo wangu Adela, Busunzu.

Mwakeye, mwana wa mama. Goti lako linaendeleaje, na kile kikohozi kimekuachia? Mimi bado niko hapa Kasulu kwa mjukuu wangu Eliza, ninakula, sina homa.

Nimesikia aliyoambiwa Eliza msibani, na nimekasirika. Amefunga safari kuja kumzika mtoto wa Yuditi, nanyi mnamwambia mbele ya kaburi kwamba pampu aliyotengeneza ndiyo imeua, kwamba mwanamke na chuma wapi na wapi. Wewe Adela ulikuwa umekaa palepale. Ulifunga mdomo wa nini? Siku nyingine hufungi! Tangu arudi hajawasha mashine. Wateja wanagonga karakana, anawaambia amefunga.

Hamjui kazi aliyoifanya. Ile silinda ya pampu mliyomletea ilikuwa imekwaruzika ndani, ndiyo maana ilikata ile mipira inayopanda na kushuka ndani yake, na maji yakawa hayapandi. Eliza akaifunga kwenye mashine ikawa inazunguka, sumaku kali ziko nje, na ndani akatia unga wa chuma uliochanganywa na unga wa msasa. Sumaku inauvuta ule unga ukutani, nao unasugua taratibu mahali ambapo mkono haufiki. Nikasogea kuangalia, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Bibi, rudi nyuma na hicho kisu, sumaku itakunyang'anya."

Nikamwambia nimenyang'anywa na wakubwa kuliko hiyo. Tukacheka. Kazi ilimchukua siku mbili. Alipomaliza nikatia kidole: laini kama ndani ya ganda la yai.

Akaenda sokoni kutafuta mipira mipya, nikabaki na silinda. Ndani kulikuwa na weusi wa ule unga, na wewe unanijua, chombo hakitoki mikononi mwangu kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Nani Busunzu amewahi kuona sufuria yangu ina masizi? Mke wa mwanangu nilimrudisha kijitoni mara tatu kwa ajili ya sufuria moja. Basi nikachukua mchanga na majivu, nikafunga gome la mgomba kwenye fimbo, nikasugua mle ndani mpaka jasho likanitoka. Nikasuuza. Eliza aliporudi akakuta inang'aa, akanishukuru. Hakuangalia ndani tena, alikuwa ameshaikagua, na gari la Kibondo la kuileta huko kwenu lilikuwa linapiga honi.

Kidole changu kilijua, Adela. Nilipokipitisha tena kilikwaruzwa. Nikajiambia ni uzee wa kidole.

Mipira ikakatika kabla mwezi haujaisha, mkarudi kijitoni, na mtoto wa Yuditi akanywa alichokunywa. Niliwaambia sikuja kuzika kwa sababu ya miguu. Miguu yangu ni mizima.

Jana nimemwambia Eliza. Hakufoka. Alitoka akakaa nje muda mrefu, akarudi akaniuliza kama nimekula. Heri angefoka.

Sasa fanya ninachokwambia, usianze ubishi wako. Barua hii usiisome chumbani. Simama nayo pale kwenye pampu asubuhi, watu wakipita na madumu, uisome kwa sauti, na jina langu ulitaje lote. Kisha waifungue silinda, waitume huku. Eliza amekubali kuirudia. Ataifunga kwenye gunia mwenyewe, nami nitaipakata njia nzima bila kuifungua. Na mpaka maji yatoke, mchemshe hayo ya kijitoni. Yachemke kweli, siyo kuyapasha.

Msalimu mumeo. Msalimu mwenyekiti wa kamati ya maji, yule wa wapi na wapi, mwambie mwanamke aliyeharibu ni mimi, na sikutumia mashine. Msalimu mke wa mwanangu, mwambie ile sufuria ilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Yuditi usimpe salamu zangu. Hizo nitazileta mwenyewe, na akinifungia mlango nitakaa nje.

Ni mimi dada yako,
Skolastika